Maswali kwa Mwalimu: Nani mwingine anaishi ndani ya mbu?

SWALI: Asalaam aleikum, Mwalimu. Mwanangu wa mwisho aliugua homa ya dengi akalazwa, na tangu hapo sipitwi na habari yoyote ya mbu. Juzi nimesoma kwenye simu kwamba kuna nchi zinafuga mbu, zinawatia bakteria, halafu zinawaachilia mitaani eti dengi ipungue. Nimeshindwa kuelewa. Sisi huku tunawaua usiku na mchana, wenzetu wanawaongeza? Na huyo bakteria anakizuiaje kirusi, ilhali wote ni vijidudu vya maradhi?
Mama Watoto, Kisauni

JIBU: Waleikum salaam, dada yangu. Pole sana, na tumshukuru Mungu mtoto yu mzima. Dengi naijua. Ilipoenea Mombasa mwaka 2013 nilikuwa bado nafundisha baiolojia, na darasani hapakosi dawati tupu. Mtoto akirudi, macho bado yanamuuma na magoti hayajakaa sawa. Nitakujibu kwa urefu, maana nina hakika iko siku jambo hili litaletwa mlangoni kwetu, na ni heri likukute umeshalielewa.

Tuanze na kirusi. Wengi hudhani mbu ni sindano tu: amefyonza hapa, amechoma pale, ugonjwa umehama. Mambo hayaendi hivyo. Mbu wa dengi ni jike wa Aedes aegypti, yule mweusi mwenye vipande vyeupe miguuni, anayeuma mchana. Akimfyonza mgonjwa, kirusi kinashuka tumboni na damu. Hapo ni lazima kiingie kwenye seli za ukuta wa utumbo, kizaane humo, kitoke, kisambae mwilini, mwisho kifike kwenye tezi za mate. Safari hiyo huchukua kama siku 8 hadi 12, na kabla haijakamilika mbu huyo hana uwezo wa kumwambukiza mtu. Kirusi kikikwama popote njiani, mbu anaendelea kuuma lakini dengi haipiti. Bakteria tunayemzungumzia anakikwamisha humo njiani.

Anaitwa Wolbachia. Humkuti kwenye maji wala kwenye udongo. Anaishi ndani ya seli za wadudu na baadhi ya jamaa zao, na hurithiwa kutoka kwa mama kupitia yai. Marshall Hertig na Simeon Burt Wolbach walimwona kwa mara ya kwanza mwaka 1924 ndani ya mbu aina ya Culex huko Boston, Marekani, na kwa miaka mingi baadaye ni wachache tu waliomshughulikia. Inakadiriwa kwamba karibu nusu ya spishi za wadudu duniani wanaye, wakiwemo vipepeo, nzi wa matunda na mbu wa aina kadhaa. Lakini Aedes aegypti, huyu wa dengi, kwa asili yake hana.

Mwaka 2008 makundi mawili ya watafiti, kila moja likifanya kazi yake, yaligundua kwamba nzi wa matunda wenye Wolbachia wakitiwa virusi fulani hustahimili kuliko wenzao wasio naye. Mwaka uliofuata, kundi la Scott O'Neill huko Australia likaonyesha kwamba Aedes aegypti aliyepandikizwa Wolbachia wa nzi wa matunda anakuwa mahali pagumu kwa virusi vya dengi na vya chikungunya. Kazi ya kumpandikiza inanifanya niwavulie kofia watu hao. Kwanza bakteria alilelewa maabarani ndani ya seli za mbu kwa miaka kadhaa ili azoee makao mapya. Kisha akadungwa kwa sindano ya kioo, nyembamba kuliko unywele, ndani ya mayai yaliyotoka kutagwa, yai moja baada ya jingine. Yai la mbu huyu halifiki hata milimita moja, na mengi hufa kwa kudungwa.

Sasa anakizuiaje? Kirusi hakina mali yake ila maagizo ya kujinakili. Vifaa vyote huvichukua ndani ya seli kilichoivamia. Virusi vya dengi hujinakili juu ya tando za ndani ya seli, na tando hizo hujengwa kwa mafuta na kolesteroli. Wolbachia naye hawezi kujitengenezea kolesteroli, kwa hiyo huitoa humo humo. Kirusi kinapofika kinakuta mwenye nyumba ameshahodhi ghala. Zaidi ya hapo, mbu aliyepandikizwa karibuni mwili wake huwa umeamsha kinga, ukitoa kemikali na protini za kupambana na wavamizi. Lakini kinga peke yake haitoshi kueleza jambo lote, maana nzi wa matunda aliyeishi na Wolbachia tangu jadi kinga yake haionekani kuamka, na bado virusi vinazuiwa. Upo pia ushahidi kwamba ndani ya seli yenye Wolbachia nakala za kirusi hukatwakatwa mapema zaidi. Kinachojirudia katika majaribio haya ni wingi: bakteria wakijaa kwenye utumbo na tezi za mate, kizuizi huwa kikali. Wakiwa haba, kirusi hupenya. Liweke hilo akilini, nitalihitaji chini nikifika kwenye joto la hapa kwetu.

Kuhusu kuongeza mbu: hawaachiliwi ili wawe wengi milele. Wolbachia ana hila ya kujieneza. Dume mwenye Wolbachia akimpanda jike asiye naye, mayai hayaangui. Jike mwenye Wolbachia, ampande dume yeyote, mayai yake huangua na watoto wote huzaliwa na bakteria. Kwa hiyo majike wenye bakteria hufanikiwa kuzaa kuliko wengine, na baada ya miezi kadhaa mbu karibu wote wa mtaa huwa wanaye. Idadi ya mbu inabaki pale pale. Kilichobadilika ni kwamba sasa ni wabebaji wabovu wa dengi. Singapore wameshika njia nyingine tangu 2016: wanaachilia madume peke yao, ambao hawaumi, ili mayai ya majike wa mtaani yaharibike na mbu wapungue. Watu huzichanganya njia hizi mbili, na ndiyo maana ukisoma kwenye simu hutoki na kitu.

Umeuliza kwa nini wasiuawe. Tusiache kuwaua. Lakini nimeona magari ya moshi wa dawa yakipita mitaani jioni, watoto wakiyakimbilia, na mbu mwenyewe yuko ndani, chini ya kitanda na nyuma ya pazia. Mayai yake nayo yakikauka hukaa hai kwa miezi, yakisubiri maji. Katika nchi nyingi pia mbu hawa wamezoea dawa tunazopuliza.

Na ushahidi upo. Australia walianza kuachilia mbu hao mwaka 2011 kwenye vitongoji viwili vya mji wa Cairns, na dengi inayoambukizwa pale pale ikakaribia kutoweka. Kwangu mimi uzito uko Yogyakarta, Indonesia, kwa sababu ni mji wa joto, wenye msongamano, na wenye dengi mwaka mzima. Waliugawa mji katika maeneo 24, wakapiga kura: 12 yapate mbu wenye Wolbachia, 12 yasubiri. Ndoo ndogo zenye mayai ziliwekwa majumbani kwa idhini ya wenyewe. Kisha kila mwenye homa aliyefika kwenye zahanati na kukubali kushiriki alipimwa. Katika maeneo yaliyosubiri, asilimia 9.4 ya waliopimwa walikuwa na dengi. Katika yaliyopata mbu hao, asilimia 2.3. Matokeo yalichapishwa 2021: dengi ilipungua kwa asilimia 77, na waliolazwa kwa dengi wakapungua kwa asilimia 86. Wewe umekaa kando ya kitanda cha hospitali, unajua vizuri kuliko mimi hiyo 86 ina maana gani.

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi sikubali mdudu wa maabara aje aniume nyumbani kwangu. Huyo bakteria akituingia damuni je? Nani atatulipa?
Mzee wa Mji wa Kale

JIBU: Marahaba, ingawa huenda ni mimi niliyepaswa kukuamkia. Mzee wangu, hofu yako ni halali na siidharau. Ila nikueleze jambo moja: wewe umeumwa na mbu wenye Wolbachia tangu utotoni. Yule mbu wa usiku anayelia sikioni, azaaye kwenye mashimo ya vyoo na mitaro ya maji machafu, ni Culex, ndugu wa yule wa Boston, na ana Wolbachia wake wa asili. Bakteria huyu ni mkubwa mno kupita kwenye mirija ya mate ya mbu, na hawezi kuishi ndani ya seli zetu. Huko Australia walipima damu za watu waliojitolea kuwalisha mbu wa maabara kwa mikono yao kwa muda mrefu, wasione dalili yoyote kwamba miili yao imekutana naye. Tena, vinasaba vya mbu havikuguswa. Kubadili vinasaba ni teknolojia nyingine kabisa.

Wolbachia hutufikia kweli, ila kwa njia ambayo wewe kama mkongwe wa pwani unaijua: matende na mabusha. Minyoo wanaoleta maradhi hayo wana Wolbachia wao, aina tofauti na wa mbu, na hawawezi kuzaa wala kuishi vizuri bila yeye. Minyoo wakifa mwilini, mabaki ya bakteria hao huchangia uvimbe. Madaktari wamelitumia hilo: dawa ya doksisaiklini ikitumiwa kwa wiki kadhaa humuua bakteria, na mnyoo jike hugeuka tasa. Mimi hufurahi sana nikilifikiria. Huko mbu anapewa bakteria ili kirusi kikose riziki, huku mnyoo ananyang'anywa bakteria ili akose kizazi.

Lakini la kuulizwa kwanza nakuunga mkono kwa mikono miwili. Yeyote atakayekuja na ndoo za mayai bila kuketi na watu wa mtaa, kwa lugha yao, na kujibu kila swali hadi la mwisho, afungiwe mlango.

SWALI: Mwalimu, tumesoma kwamba bakteria wa tumboni wanatusaidia binadamu. Je, bakteria wote walio tumboni mwa mbu wanazuia virusi? Nataka kuandika mradi wa sayansi.
Mwanafunzi wa kidato cha nne, Changamwe

JIBU: La, mwanangu, na nimefurahi umeuliza. Wapo wanaokifungulia kirusi mlango. Utumbo wa mbu umepakwa ute ndani, na ute huo ni ukuta wa kwanza anaokutana nao mvamizi. Mwaka 2019 watafiti wa China walieleza jinsi bakteria aitwaye Serratia marcescens, anayekaa tumboni mwa Aedes, anavyotoa protini inayoumeng'enya ute huo. Ukuta ukishatoboka, kirusi cha dengi kinazifikia seli kwa urahisi. Mbu wawili wa aina moja, waliofyonza mgonjwa mmoja, wanaweza kuwa na hatima mbili kwa sababu ya wakaazi wa tumboni mwao.

Upande wa pili, mwaka 2024 watafiti wa China tena waliripoti bakteria kutoka kwa mbu wa mkoa wa Yunnan, aitwaye Rosenbergiella. Yeye hutoa kimeng'enya kinachobadili glukosi kuwa asidi. Mbu akifyonza damu, tumbo lake linakuwa na uchachu, na virusi vya dengi na Zika vinaharibika kabla ya kuingia kwenye seli. Ona tofauti na Wolbachia: huyu anapigana nje ya seli, mwanzoni tu, Wolbachia anangoja ndani.

Usiandike kwenye mradi wako kwamba bakteria ni wema au wabaya. Andika ni bakteria gani, ndani ya mbu gani, dhidi ya kirusi gani. Hata Wolbachia mwenyewe, kuna jaribio la 2014 ambamo aliwekwa kwa muda ndani ya Culex tarsalis wa Marekani na virusi vya West Nile vikaongezeka badala ya kupungua. Kama una darubini shuleni, anza na viluwiluwi: sehemu kubwa ya bakteria wa tumboni huokotwa kwenye maji wanamokulia, hivyo maji ya pipa na maji ya kifuu cha dafu hutoa matumbo tofauti. Hilo unaweza kulifuatilia bila maabara kubwa, ukiwa na chombo chenye mfuniko na ruhusa ya mwalimu wako.

SWALI: Na malaria, Mwalimu?
Msomaji wa Likoni

JIBU: Malaria hailetwi na kirusi bali na kimelea, na mbu wake ni Anopheles, kwa hiyo hadithi ni nyingine. Ila Kenya ina fahari yake hapo. Mwaka 2020 watafiti wakiwa na icipe, kituo cha utafiti wa wadudu cha Nairobi, walitangaza kiumbe waliyemwita Microsporidia MB, waliyemkuta ndani ya Anopheles arabiensis. Si bakteria, ni jamaa wa kuvu. Mbu aliye naye hapati kimelea cha malaria, na mama humrithisha watoto. Utafiti unaendelea.

SWALI: Mwalimu, niambie ukweli. Mbinu hii ya Wolbachia itafaa hapa Mombasa, au ni ya nchi za watu? Na kabla haijafika tufanyeje, maji yenyewe yanatoka mara moja moja?
Fundi wa mabomba, Mikindani

JIBU: Ahsante, fundi. Natamani ifike, na nasema hivyo kama mtu aliyeona chikungunya ikishuka kutoka Lamu mwaka 2004 hadi hapa, ikarudi tena mwishoni mwa 2017. Dada yangu aliipata katika ule wa pili, na vidole vyake bado ni vigumu asubuhi. Lakini natamani ifike ikiwa imepimwa kwa hali yetu, kwa sababu mbili.

Ya kwanza ni joto. Nilisema wingi wa bakteria ndio kila kitu. Aina ya Wolbachia inayotumika zaidi, ile ya nzi wa matunda, hupungua sana kiluwiluwi akikulia kwenye maji yanayopanda hadi nyuzi 37 mchana. Wewe unapanda juu ya nyumba kufunga matangi. Unajua dumu lililosahaulika juani Februari na Machi linavyochemka. Mbu huyu hupenda kivuli, hilo linatusaidia, lakini si vyombo vyetu vyote viko kivulini. Ndiyo maana Malaysia walichagua aina nyingine, iliyotolewa kwa mbu Aedes albopictus, ambayo huvumilia joto zaidi. Kuala Lumpur dengi ilipungua kwa kiasi cha asilimia 40 katika maeneo waliyoachilia. Ni chini ya Yogyakarta, lakini ni kitu. Mtu akija Mombasa na mpango, swali langu la kwanza litakuwa: umeleta aina gani, na umeijaribu kwenye maji ya joto gani?

Ya pili ni mbu wenyewe. Hapo Rabai, mwendo mfupi tu kutoka hapa, tangu miaka ya 1970 watafiti wamekuwa wakiwasoma Aedes aegypti wa namna mbili: wa hudhurungi, wanaoingia nyumbani na kutaga kwenye mitungi, na weusi wa msituni wanaotaga kwenye mashimo ya miti na kupendelea wanyama. Asia na Amerika wana yule wa nyumbani zaidi. Pwani yetu ina wote wawili jirani, na bakteria anayesambaa kwa kupandana hutegemea nani anampanda nani. Hilo lipimwe hapa hapa. Jibu la Indonesia halitutoshi.

Kuhusu sasa hivi, nimefurahi kuulizwa na fundi. Watu hawaweki maji kwa kupenda. Wanaweka kwa sababu mfereji ni mkavu. Wachunguzi wa mlipuko wa 2004 waliuhusisha na ukame, maana maji yalikaa vyomboni muda mrefu bila kubadilishwa. Kwa hiyo kila bomba unalolitengeneza likatoa maji kila siku, umepunguza pipa moja mtaani, na hilo kwangu ni kazi ya afya.

Chota maji ya pipa kwa bakuli jeupe uyatazame mwangani. Viluwiluwi vya Aedes huning'inia kichwa chini, vikipumua kwa mrija mfupi mnene unaogusa uso wa maji. Ukipitisha mkono juu yake kivuli kikaanguka, vyote huzama vikijinyonganyonga. Ukiviona, usiishie kumwaga. Tazama ukuta wa pipa, juu kidogo ya mstari wa maji: kuna chembe nyeusi, moja moja, zilizogandia. Hayo ndiyo mayai, na yatabaki hapo pipa likiwa kavu hadi utakapolijaza tena. Chukua brashi ngumu au kumbi la nazi na sabuni, usugue mzunguko wote, mara moja kila wiki, kwa sababu kutoka yai hadi mbu ni kama wiki moja au zaidi kidogo. Maji ya kusugulia yamwage kwenye mchanga uliopigwa na jua, mbali na chombo kingine chochote, kisha funika pipa kwa kitambaa kilichofungwa kamba. Kifuniko kilichoegeshwa tu kinamwachia mbu upenyo wa kutosha. Na ukipita kwa muuza madafu umwombe vifuu avipasue au avifunike. Kifuu kimoja kikipata mvua ya siku moja kinatosha.

Mtu akipata homa kali na maumivu ya macho na viungo, mpeni parasetamoli na maji mengi, mkapime. Aspirini na ibuprofeni msimpe mpaka dengi iondolewe shaka, maana zinaweza kuongeza hatari ya kutoka damu.